Sauti ya Mama Aliyefiwa

"Haiumi," alisema mtayarishaji kupitia kipaza sauti. "Rudia. Wewe ni mama aliyefiwa, siyo mtu anayeuza sabuni."

Kweli, sabuni alikuwa ameiuza asubuhi, kwenye kiti kile kile. Watu wa studio ya matangazo walimwita Kinanda, kwa kuwa ukitaka furaha unabonyeza hapa, ukitaka huzuni unabonyeza pale. Msimu wa uchaguzi ulikuwa msimu wake wa mavuno. Lugha ya matangazo ya kampeni aliijua kama njia ya chooni: sentensi fupi, swali lisilongoja jibu, kimya kidogo kabla ya jina la mgombea. "Walituahidi mwanga. Tukapata giza. Je, utawapa tena?" Haya aliweza kuyasema huku akifikiria vyombo alivyoviacha bila kuosha.

Sentensi iliyomshinda ilikuwa ya katikati: "Mwanangu alifariki kutokana na uzembe wa viongozi hawa." Mama gani husema hivyo? Aliisoma kwa kunong'ona, akaisoma kwa kwikwi. Mtayarishaji akatikisa kichwa.

Basi Kinanda akafumba macho, na maneno mengine yakamtoka. "Mfunikeni miguu. Huyu hapendi baridi miguuni."

Nyuma ya kioo kila mtu aliinua kichwa. Mwandishi wa tangazo, kijana aliyejisifu kuwa halii, alivua miwani akaifuta.

"Hapo hapo!" mtayarishaji akapiga kelele. "Usiguse kitu! Umetumaliza kabisa!"

Maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya dada yake, aliyoyasema mlangoni mwa wodi ya watoto usiku ule umeme ulipokatika na jenereta ikakosa mafuta, wakati mhudumu anauchukua mwili wa binti yake mdogo. Kinanda alikuwa amesimama pale, amemshika dada mkono.

"Hiyo ifuteni, jamani," alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayekataa chai huku amekwisha kuvuta kiti. Walimpigia makofi. Sifa ni tamu, tuseme ukweli, na yeye alizinywa zote.

Tangazo likaanza kurushwa kabla ya taarifa ya habari, likapambwa kwa kinanda cha polepole na picha ya kitanda kitupu. Alimpigia dada yake simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Jumapili akaenda mwenyewe.

Mlango ulikuwa wazi. Dada yake alikuwa amekaa sebuleni, kisimbuzi cha televisheni amekichomoa na kukiweka sakafuni na nyaya zake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Hakuletewa hata maji, na katika nyumba ile jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea.

"Jirani alikuja mbio kuniita," dada yake alisema. "Eti njoo uone tangazo, linaliza. Nikaenda. Nikasimama katikati ya watu nasikiliza maneno yangu, na wao wananipisha nione vizuri."

"Dada, sikupanga. Yalinitoka tu."

"Yalikutoka, sawa. Na walipotaka yabaki?"

Kinanda alitazama miguu yake.

"Sijali yule mgombea wako wala mwenzake," dada aliendelea, bila kupandisha sauti. "Wote walikuja msibani, wote walipiga picha. Nakwambia kingine. Mimi maneno yale nilikuwa nayasema kila nikitandika kitanda. Peke yangu. Yule mtoto hakuniachia kitu kingine cha kusema. Sasa nikiyaanza, muziki unaingia. Nasikia sauti yako, siisikii yangu."

Kinanda aliinua macho akamtazama. Alimpenda huyu mwanamke kuliko mtu yeyote aliye hai. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipoondoka, na ndiye aliyemfundisha kusoma kwa sauti mezani jikoni.

"Nisamehe," alisema, "dada yangu."

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Pumzi ilikuwa imevutwa mahali pake hasa, kimya kimekaa kabla ya neno "dada", na mwisho umeshushwa taratibu kama walivyopenda pale studio. Dada yake naye alisikia.

"Sema kawaida."

"Nisamehe."

Hili likatoka zuri zaidi, na hilo likamtisha.

"Mdogo wangu," dada yake alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka, "mimi nataka kukusamehe. Sema kama wewe."

Kinanda alifungua mdomo. Alitafuta sauti aliyokuwa nayo kabla ya kioo na kipaza sauti, ile ya kuombea sukari, ya kugombania shuka. Dada yake alijisogeza mbele kitini, mikono ameibana magotini, akamtazama midomo, akasubiri.