Inua Ulimi

Mwanamume asiye na wivu hana mke, ana mpangaji. Mimi Mwikwabe ninaye mke, na wivu ninao wa kutosha kugawia jirani.

Filister alianza kubadilika wakati wa kupanda mahindi. Kwanza alihamia mkekani, eti kifua kinambana na hataki kunisumbua. Kisha dirisha. Miaka yote tumelifunga, sasa alitaka liwe wazi usiku kucha. "Hewa, Baba Robi," alisema. Hewa! Nilijiuliza hewa hiyo inavaa suruali saizi gani. Nikimkaribia, aligeuza uso na kujifunika mdomo kwa leso, kana kwamba nanuka. Na kila asubuhi, kabla sijamaliza chai, alitoka akiwa ameoga, akarudi mchangamfu. Tena alikuwa ananenepa. Mke aliyekuwa amekonda, sasa mashavu yanarudi, na si mimi niliyeyarudisha. Iliniuma, siwafichi.

Asubuhi moja nikamfuata. Mimi ni mchuuzi wa ng'ombe. Nawanunua kwetu Kuria na kuwauza hapa Rodi Kopany, kwa Wajaluo, tunakoishi. Najua kumfuata mnyama bila kumshtua. Alikipita kinu cha unga, akazunguka nyuma. Nikachungulia. Alikuwa na kijana wa shati lililopigwa pasi, ambaye baadaye nilijua anaitwa Oliver. Oliver ameshika kikombe cha maji, na mke wangu amefungua mdomo. Kijana akainama, akatazama ndani.

"Inua ulimi," akamwambia kwa upole.

Hivyo ndivyo tufanyavyo sokoni. Mtu hafungui mdomo wa ng'ombe kutazama meno ila ana nia ya kununua. Nikajitokeza na fimbo.

"Wewe! Unatafuta nini kwa mdomo ya bibi yangu?"

"Dawa, mzee," Oliver akasema, akirudi nyuma. "Naangalia kama amemeza. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Mama Robi, mwambie, ama nimwambie."

Filister hakulia. Alinitazama machoni. "Ni TB. Mtu akikohoa, inatembea kwa hewa. Ndio maana nafungua dirisha. Ndio maana nalala chini."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Ng'ombe yako ikikohoa hungoji kutibu. Unauza haraka kabla mnunuzi asikie."

Fimbo ikanilegea. Ni kweli nimewauza, nao wakaenda kukohoa katika mazizi ya watu. Lakini kwamba aliniogopa mimi mumewe, akamwamini huyu wa shati la pasi! Hilo lilinichoma kuliko habari ya ugonjwa wenyewe.

"Hii kazi ya kuangalia ulimi," nikamuuliza Oliver, "ni lazima iwe wewe?"

"Hapana. Mtu wa nyumbani anaweza, bora asiruke hata siku moja. Dawa ikiachwa katikati, ugonjwa unarudi na kichwa ngumu. Lakini nyumba yote mkuje mpimwe."

"Nitaangalia mimi. Kuanzia kesho usionekane."

Tukapimwa. Robi, binti yetu mdogo, hakuwa na ugonjwa. Akapewa dawa ya kumkinga. Kikohozi changu, ambacho nilikuwa nikilaumu vumbi la soko, hakikuwa cha vumbi.

Sasa kila asubuhi tunakaa wawili karibu na dirisha lililo wazi. Anameza, namkagua kwa jicho la mwenye wivu; hakuna kidonge kitakachonipita. Kisha inakuja zamu yake ya kunikagua mimi.

"Na mimi nikikohoa, utaniuza?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Na meno hayo, nani atanunua? Fungua mdomo. Inua ulimi."

Nikainua. Papo hapo Oliver akapita njiani. "Oyawore, Filister!" akamsalimia, akaongeza maneno ya Kijaluo, lugha ambayo mimi naishika mkia tu. Filister akacheka hadi mabega yakatikisika, huku amenishika kidevu.

Nami ulimi juu, sikuweza kutamka neno.