Mbao za Dhiraa Moja na Nusu

Jumatatu, baada ya chai ya saa nne, Mzee Obeid wa Timbwani alizipanga mbao ishirini na tatu barazani kwake, akazipiga picha, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la watu wapendao kazi ya mbao. Grupu hilo halina fundi wa kulipwa hata mmoja. Yumo Rispa, muuguzi mstaafu wa Changamwe, anayetengeneza vigoda na mabanda ya kuku. Yumo Ngumbao, mpishi wa shule huko Utange, anayechonga mizinga ya nyuki. Obeid mwenyewe alikuwa karani, na tangu astaafu ametengeneza rafu nne na meza moja inayochechemea. Kabati la vyombo alilomwahidi mkewe, Samiha, lilikuwa bado liko mdomoni.

"Salaam aleikum wataalamu," aliandika. "Nimepata mbao za mbambakofi, za kale, ngumu ajabu. Zote urefu mmoja, dhiraa moja na nusu. Tabu yake, kila ikifika alasiri zatoka jasho, na jasho lenyewe lanuka kafuri. Nizikaushe vipi?"

Rispa alijibu kwa sauti, kuku wakilia nyuma yake. "Shikamoo mzee. Usizilaze chini hivyo. Weka vijiti kati ya ubao na ubao, upepo upite. Na hiyo kafuri usiitoe, inafukuza nondo. Wengine tunainunua!"

Ngumbao aliandika: "Mzee wangu, mbao za urefu huo mimi najua kazi yake moja tu." Kisha akaufuta ujumbe. Obeid alikuwa ameshausoma. Badala yake Ngumbao akaandika kwamba zipigwe msasa, halafu vanishi mara mbili.

Mbao hizo aliletewa na Maxwell, msimamizi wa ujenzi wa ghorofa nyuma ya nyumba yake. Maxwell ni mtu wa bara, kijana wa heshima. Alizileta mwenyewe kwa mkokoteni. "Mzee, tingatinga imezitoa chini," alisema. "Nadhani ni za kibanda cha zamani. Nikasema huyu mzee wangu anapenda mbao, nisizichome bure." Obeid alimshukuru, akampa maji ya kunywa.

Sasa, hapakuwahi kuwa na kibanda pale. Palikuwa na makaburi ya watu wa mtaa, yasiyo na maandishi, kila moja na jiwe la matumbawe kichwani na jingine miguuni. Obeid alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mwaka jana mwenye kiwanja alikuja na karatasi iliyosema kwamba mahali pale ni kichaka, wala hapana kaburi. Alitaka wazee watano waweke sahihi. Nyumba ya Obeid, kama nyingi za huko, ni nyumba bila ardhi: kuta ni zake na bati ni lake, lakini mchanga ulio chini ni wa yule bwana. Na yule bwana alisema kwa upole, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba mzee atakayeweka sahihi hatasumbuliwa yeye wala wajukuu zake. Obeid aliweka sahihi ya tatu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenziwe wote.

Jumanne, alipotoka kusali alasiri, alikuta mamake amesimama barazani.

Bi Mwanatabu alifariki akiwa na miaka arubaini na mbili, Obeid akiwa na miaka kumi na saba. Sasa Obeid alikuwa na sabini, kwa hivyo mama alionekana kama binti yake. Alikuwa na sanda yake, safi isipokuwa kwenye viwiko. Alikuwa akizipitia mbao moja moja kwa kidole, kama mtu anayechagua khanga dukani.

"Shikamoo mama," alisema Obeid.

"Marahaba mwanangu. Umezeeka."

"Ndiyo, mama."

"Na meno?"

"Yamebaki ya mbele."

Samiha akatoka jikoni na unga mikononi. Hakuwahi kumwona mavyaa wake, akamwamkia, akaingia ndani kumtolea leso ajifunike mabega. Kisha akauliza kama atakula. Bi Mwanatabu akasema hapana, ameshazoea hivyo, lakini harufu ya vitumbua imemfurahisha.

Alipofika kwenye ubao wa kumi na tisa, akasimama. Ubao huo ulikuwa umekatwa mshazari upande mmoja, vidole viwili vizima.

"Huu ndio wako," alisema.

Obeid aliujua. Siku aliyofariki mama, fundi wa mtaa alikuwa Shelly Beach kazini, basi Obeid akapewa msumeno akate mbao za kuziba mwanandani, mle kaburini anamolazwa maiti. Hakuwahi kushika msumeno kabla. Saba alizikata vizuri. Wa nane machozi yakamzidi, mkono ukaenda upande. Alitaka kukata mwingine, lakini ammi yake, Rashid, akamwambia, "Wacha huo huo, jua linakuchwa. Nani atakayeuona?"

"Palikuwa pakiingia mchanga," alisema Bi Mwanatabu, akiligusa shavu lake la kulia. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anavyosema bati lavuja. Kisha akatazama huku na huku. "N'takaa wapi? Miguu yaniuma. Sikuzoea kusimama."

Samiha akamletea kiti cha plastiki. Hakikumfaa. Kila akikikalia alipitiliza, akajikuta sakafuni. Akasimama tena, akaegemea nguzo, na hapo alibaki Jumatano na Alhamisi. Majirani waliopita walimwamkia. Bi kizee mmoja alimkumbuka, akasimama akaulizia habari za dadake, naye mama akasema dada yuko, yuko karibu, kaburi la pili kutoka mkunazi.

Alhamisi hiyo akaja afisa wa mambo ya viwanja, msichana mwenye miwani na jalada. Ofisi yao ilikuwa imepokea barua isiyo na jina, iliyoandikwa nyuma ya karatasi ya hesabu za maharage ya shule, ikidai kwamba ghorofa la Timbwani lajengwa juu ya maiti. Alivua viatu, akaketi mkekani.

"Mzee, wewe ni mmoja wa waliotia sahihi. Nimekuja kukuuliza mara ya pili, na leo ukibadilisha neno lako, ujenzi unasimama kesho asubuhi. Palikuwa na makaburi?"

Kabla ya jibu akawaandika waliokuwepo. "Huyu ni bibi yako. Na huyu aliyesimama ni binti yako?"

"Ni mamangu," alisema Obeid.

Afisa akafuta, akaandika mama. "Mama shikamoo. Wewe wasemaje kuhusu jambo hili?"

"Marahaba," alisema Bi Mwanatabu. "Mimi n'tasema nini, na mwanangu yupo? Atasema yeye."

Kalamu ikangoja. Samiha alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake wajukuu wawili walikuwa wakigombania sahani. Obeid aliitazama dari, boriti aliyoipaka dawa ya mchwa kwa mkono wake, bati alilolibadilisha mwaka wa mvua kubwa. Halafu akautazama mchanga ulio chini ya kizingiti.

"Palikuwa na kibanda," alisema. "Hizi hapa ndizo mbao zake."

Afisa akaandika kibanda. Alinusa kidogo, akasema kafuri ni nzuri kwa mafua. Akavaa viatu, akaaga watu wote wanne: mzee, bibi, na watoto. Kisha akageuka akamuaga na mama.

Bi Mwanatabu aliugeuza uso ukutani. Akabaki hivyo mpaka adhana ya magharibi. Kisha akasema, "Basi nifanyie pa kukaa."

Obeid akachukua simu, akauliza grupu. "Nataka benchi la watu watatu. Mbao zangu ni fupi. Yawezekana?"

"Yawezekana sana," alijibu Rispa. "Usizilaze kwa urefu. Tafuta mihimili miwili mirefu, simamisha miguu, halafu hizo fupi uzipange kukingama juu yake, moja baada ya nyingine, zishikane. Na kama kuna iliyokatwa vibaya, inyooshe kabla hujapiga skrubu. Mwanya mmoja unaharibu benchi zima."

Ngumbao hakujibu. Jioni hiyo simu ilionyesha kwamba ametoka kwenye grupu.

Obeid alifanya kazi siku mbili. Alipanga mbao kukingama, kama zilivyokuwa zimepangwa kaburini mara ya kwanza. Ubao wa mshazari aliutia alama kwa penseli na pembemraba, akaukata polepole, pumzi moja kwa kila mvuto wa msumeno. Ulinyooka. Alikuwa hajapata kukata ubao ukanyooka vile. Akaupiga picha, na Rispa akatuma mikono mitatu ya kupiga makofi.

Bi Mwanatabu akaketi. Hakupitiliza. Akapitisha kidole pale palipokuwa na mwanya.

"Sasa umenyooka," alisema.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, walikuja wengine wawili, dadake mama na mzee mmoja aliyekuwa mwadhini zamani. Walisikia pana pa kukaa. Watatu wakalijaza benchi. Jumatatu wakaja wanane, wakasimama wakiegemea ukuta kwa adabu, wala hawakuomba kitu. Samiha aliishiwa na leso kabatini, yaani kwenye sanduku, maana kabati bado.

Obeid akaandika: "Wataalamu, benchi nataka likae kumi na mmoja. Mbao zimeniishia. Nishaurini."

"Rudi kwa aliyekupa za kwanza," alijibu Rispa. "Mbao za mahali pamoja zitafanana rangi."

Hakuhitaji kwenda. Jumanne asubuhi tinga lilianza nusu ya pili ya kiwanja, upande wa mkunazi, na katika nusu ya kwanza msingi wa ghorofa ulikuwa umeshaanza kumwagwa zege. Saa kumi na nusu Maxwell akaja na mkokoteni umejaa mpaka ukingoni, akitweta.

"Mzee, bahati yako!" alisema. "Kile kibanda kumbe kilikuwa kikubwa."

Obeid alimshukuru, akampa maji. Kisha wakaanza kushusha. Wale waliosimama ukutani wakasogea kuwapisha, na kwenye benchi Bi Mwanatabu akajibana kidogo, akaacha nafasi.