Rota Iliyowekwa Kipatimu

Biasha binti Fakihi alikuwa hatulii. Akikaa jikoni mguu unatikisika, akienda kisimani anarudi na ndoo nusu. Mama yake, Mwanaima, alikwishachoka kumwambia akae chini apoe, maana ilikuwa kama kuuambia ukuta. Uani palikuwa na gari, limekamilika, limesuguliwa kwa mafuta ya nazi mpaka kuku wanajiangalia ubavuni mwake, na haliwaki. Barazani, juu ya kitanda cha kamba, alilala baba yake, Mzee Fakihi, upande mmoja wa mwili umekufa kwa kiharusi, ulimi mzito, na sasa alikuwa ameanza kukataa hata uji. Biasha alitaka jambo moja tu hapa duniani: mzee alisikie lile gari likinguruma kabla hajafumba macho.

Gari lenyewe lilikuwa Morris jeusi la zamani. Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba la mkonge nje ya Lindi alifunga virago baada ya Uhuru, akamwachia fundi wake Fakihi lile gari likiwa mzoga, pengine kwa kumfanyia dhihaka. Fakihi hakuona dhihaka yoyote. Alilileta kijijini kwake Likawage kwa kamba na kwa nguvu za watu, akaanza kulikwangua kutu kwa mchanga na makumbi ya nazi. Kaka zake walimwona kaingiwa na shetani. Biasha alikua na harufu ya mafuta ya taa mikononi, kwa kuosha nati, na kabla hajajua kupika wali vizuri alikuwa anajua kusafisha plagi. Miaka ikapita hivyo. Idi waliyolitoa likiwaka kwa mara ya kwanza, kijiji kizima kilitembea nyuma yake kwa nguo mpya, kikimeza vumbi na kushangilia, na Mwanaima akakaa mbele amejifunga kanga mbili, hataki kugeuza shingo asije akaonekana anajidai.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Uvumi ukatangulia, na uvumi wa miaka ile ulikuwa na miguu mirefu: eti kila chenye magurudumu kitakuwa cha kijiji, leo unacho, kesho anaendeshwa nacho katibu. Mzee Fakihi, mtu mwenye akili zake timamu, akaingiwa na hofu, akafanya jambo la kipuuzi. Alilivunja gari lake kwa mikono yake. Rejeta ikaenda Mchinga kwa dada yake Adija, matairi kwa mdogo wake Huseni, kabureta ikazikwa kwenye pipa la mtama. Bodi tupu ikakokotwa hadi kijiji kipya, ikawekwa uani kama banda la kuku. Ofisa alipokuja kuandikisha alilitazama, akacheka, akaenda zake. Hakuna aliyelitaka wakati ule wala baadaye.

Na rota je? Hicho ndicho kidude cheusi, hakizidi kidole gumba, kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi. Bila hicho gari ni sanduku. Rota alimpa mtani wake, Evaristo, Mmatumbi wa kule milimani Kipatimu, mtu wa misheni mwenye mdomo usio na mlango. Koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu: huyu akifiwa, yule huja msibani kuiga maiti, kuzuia jeneza, kudai apewe kitu ndipo mazishi yaendelee, na hakuna ruhusa ya kununa. Siku ya kumkabidhi, Fakihi alisema mbele ya watu, huku wote wakicheka: "Kaa nayo, mla panya. Siku nikifa ndiyo uilete, uitupie kaburini." Evaristo akajibu, "Amina, na siku yenyewe iwe kesho."

Mzee alipoanguka, Biasha alianza kuzunguka. Hakumwomba mtu ruhusa. Huko Mchinga aliikuta rejeta imelala juu ya matofali, shangazi Adija anaanikia vijiko. Baba mdogo Huseni alimpokea kwa furaha, miguuni amevaa katambuga mpya, na Biasha alipozitazama katambuga alijua tairi moja halirudi tena. Aligombana naye mpaka majirani wakaja. Gurudumu lililokosa tairi alilizungushia majani na makumbi, akalifunga kwa waya. Betri aliazima kwa dereva wa trekta la kijiji. Kila kitu kikapatikana, isipokuwa kile kidude, na kwa wakati ule spea ya gari la namna ile hata Dar es Salaam ilikuwa hadithi. Akapanda lori la korosho, akashuka, akamalizia milima ya Kipatimu kwa miguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watoto wa Fakihi wameishiwa panya huko, wamekuja kuwinda kwetu?" Evaristo alikuwa anachonga mpini. Biasha alipomweleza hali ya baba yake, aliliweka panga chini.

"Rota ninayo," alisema. "Ipo ndani ya kopo, nimeipaka grisi. Lakini siwezi kukupa."

"Kwa nini?"

"Baba yako alitamka mwenyewe. Nikiileta, au nikikupa wewe uingie nayo uwanjani kwake naye anapumua, nimefanya nini? Nimemtangazia kifo."

"Ulikuwa utani, baba!"

"Ndiyo sababu. Yangekuwa maneno ya kawaida, ningeyavunja sasa hivi."

Biasha alisahau adabu. Alimwambia yeye si mtani, ni fisi anayengoja mzoga. Akaondoka bila kuaga, akilia kwa hasira njia nzima. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Alikuwa anafungua boneti, anatazama pale penye pengo, anafunga, anafungua tena. Mzee alimfuata kwa macho tu.

Ijumaa, watu wanatoka msikitini, kikasikika kilio kutoka njia ya Kipatimu. "Fakihi amekufa jamani! Fakihi katutoka!" Biasha alikimbilia barazani. Baba yake yupo, macho wazi, naye anashangaa.

Aliyekuwa analia ni Evaristo. Alikuwa amevaa kanzu ya kuazima inayomfika magotini na kofia ya kiua, anaburuta mguu mmoja, mdomo kaupinda upande, Fakihi mtupu. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye gari, akajilaza chini kando yake, chali.

"Mimi ndiye Fakihi," alisema akiwa amefumba macho. "Nimekufa leo asubuhi. Ugonjwa wangu ni uchoyo wa gari. Haya, nililieni, jua ni kali."

Watu wakapigwa na butwaa. Mwalimu wa madrasa aligeukia ukutani, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Wa kwanza kuelewa alikuwa Mwanaima. Alivua kanga yake ya juu, akamfunika maiti gubigubi, akaangusha kilio cha mjane ambacho kijiji kilikuja kukisimulia miaka mingi. Wanawake wakampokea. Katikati ya kelele zile, mkono ukatoka chini ya kanga, na kiganjani kuna rota inang'aa kwa grisi.

"Mtani wangu Evaristo kaileta mazikoni," ilisema sauti. "Mtu mwaminifu sana yule. Tena mzuri wa sura."

Biasha alijipangusa machozi, akaifuta rota, akaipachika. Akashika hendeli, akazungusha. Hakuna kitu. Akazungusha tena kwa nguvu zake zote, na Morris likakohoa, likatetemeka, likanguruma, kuku wakaruka ukuta. Hakuwatazama waliokuwa wanashangilia. Alipiga magoti kando ya kitanda cha baba yake.

Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kakiinamisha kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani akisikiliza injini chini ya mwembe wa yule Mgiriki, shambani. Midomo ikacheza. Biasha akasogeza sikio.

"Ya tatu," alisema Fakihi. Ulikuwa mwezi hajasema neno. "Plagi ya tatu haichomi."

Ilikuwa kweli. Biasha alicheka kwa sauti, akaruka kwenda kutafuta spana. Angesafisha plagi, angempakia mzee, angempitisha kijiji kizima, angemfikisha hata Kilwa! Baba yake akanyanyua kidole cha mkono ule mzima.

"Zima."

Akazima.

"Mrudishie."

"Nani, baba? Nini?"

Macho ya mzee yalikwenda kwa Evaristo, aliyekuwa amekaa chini na kanga mabegani. "Rota. Mrudishie. Mie bado."

Biasha alisimama pale, gari limekamilika nyuma yake. Alitamani kukataa. Kisha akafungua boneti, akaichomoa rota ingali na joto, akaiweka kiganjani mwa Evaristo. Evaristo aliifunga kwenye kitambaa, akamgeukia mzee.

"Basi kula uji, mla panya," alisema. "Kipatimu mbali, na mie sina haraka ya kuja tena."

Mwanaima alileta bakuli. Biasha alilipokea, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamlisha baba yake kijiko baada ya kijiko, bila kulitazama gari. Uji uliisha, Evaristo akaaga, watu wakatawanyika, na Biasha alikuwa bado amekaa.