Mtego kwenye Ukurasa wa Mbawakawa

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Wodini, katika hospitali moja hapa Doha, dripu aliyoitundika muuguzi mwenzangu lazima niikague upya. Na kwenye kamusi elezo yetu ya Kiswahili mtandaoni, ambako ni mmoja wa wakaguzi wa kujitolea, makala haipiti kwa Damaris kwa sababu tu imependeza.

Hii ilipendeza mno. Ilimweleza mbawakawa mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, anayeiokoa miti ya hemloki, jamii ya misonobari ya Amerika, kwa kuwala wadudu weupe wanaoifyonza mpaka ikauke. Ilikuwa na vyanzo kumi na vinne, kila kimoja na ukurasa wake. Nikamtafuta mwandishi: Ronny Kiprop, mgeni, "dereva wa nyumbani, Muaither", mtaa wa hapa hapa Doha. Nikacheka peke yangu. Dereva! Hii ni kazi ya mashine ya akili bandia, nikasema, yeye kanakili tu. Na kwetu anayefanya hivyo makala yake hufutwa, naye hufungiwa asiandike tena.

Nikamwandikia: "Hemloki umeijulia wapi?" Saa tatu zikapita, kimya. Dalili ya mvua ni mawingu.

Basi nikamtegea. Alikuwa ameandika kwamba mbawakawa huyo hula majira ya baridi, na wakati wa joto hulala udongoni. Nikageuza: wakati wa joto hula, wakati wa baridi hulala. Aliyesoma vyanzo vyake angeshtuka, aliyenakili asingejua lolote. Nilipanga kuirudisha sentensi baada ya chakula cha mchana.

Chakula chenyewe sikukiona. Waliletwa majeruhi wanne wa ajali ya barabara ya Lusail, na simu ikabaki kabatini hadi jioni.

Nilipoifungua, nilikuta Ronny ameshairudisha sentensi yake. Chini alikuwa ameniandikia: "Dada Damaris, pole na kazi. Nafikiri ulichanganya tu, nimerekebisha kabla watu waone. Sikukujibu mapema juu nilikuwa naendesha. Miti ya saiprasi ya mzee wangu kule Kericho ilifyonzwa na vidukari ikaisha yote, ndio nikaanza kusoma ni nani huwakula wadudu kama hao. Huyu kukiwa na joto analala. Ametushinda akili sisi wa Doha."

Nilicheka, safari hii bila kiburi. Kisha nikaona kilichofuata. Douglas, mkaguzi mwenzangu aliye Nairobi, alikuwa ameona mgeni anafuta maneno ya mkaguzi. Hakuuliza, alimfungia palepale. Sababu: "Anaharibu kazi ya Damaris."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Ningeweza kumwambia Douglas kwamba nilikosea kwa uchovu, na mambo yangeishia hapo. Ronny mwenyewe alikuwa amenipa kisingizio hicho, tena kwa moyo mweupe. Nilikifikiria kwa muda, nisidanganye.

Mwishowe nikaandika pale pale kwenye ukurasa, kila mtu aone: "Uongo ule ni wangu. Niliutia makusudi nimnase Ronny, kwa sababu sikuamini kwamba dereva anaweza kusoma haya. Mfungulieni." Haikupita nusu saa, Douglas akamfungulia Ronny na kuninyang'anya ukaguzi. Sikubishana naye.

Ujumbe wa Ronny niliuogopa kuufungua. Nilitarajia matusi, na yangekuwa halali yangu.

"Dada, hayo yameisha," alikuwa ameandika. "Sasa niambie kitu kimoja. Chanzo cha tisa kinanisumbua, naona kama kinapingana na cha nne. Nilituma hii makala nikijua kuna mkaguzi mkali ataliona hilo. Wewe ulionaje?"

Nikashuka hadi kwenye orodha ya vyanzo, bado nimevaa sare ya kazi. Vile vyanzo kumi na vinne, sikuwa nimefungua hata kimoja.