Jumamosi ya Kaptagat

Nasambu alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, akipiga picha ua jekundu lililosimama wima kama mwenge, Waiyego alipoanza kumcheka.

"Inuka, wewe! Mtu akikuona atadhani umekufa."

Walikuwa majirani mjini Eldoret, Waiyego mwenye duka na Nasambu karani aliyestaafu mwaka huo. Daktari alikuwa amemwambia Nasambu atembee kwa sababu ya presha, naye, kwa kuona haya kuzurura bila kazi, akaanza kupiga picha maua ya msituni. Njia ile ya msitu wa Kaptagat ilikuwa tambarare, hata Waiyego na magoti yake mabovu aliimudu bila kulalamika.

Mahali fulani msumeno wa mashine ulikuwa ukinguruma. Ukanyamaza. Hawakujali, mpaka kijana mwenye kofia ya sufi iliyovutwa hadi kwenye nyusi alipochomoka vichakani na panga mkononi. Nyuma yake mtarakwa mkubwa, mti usioruhusiwa kukatwa, ulikuwa umelala chini, na mwenzake akiufunika kwa matawi haraka haraka.

"Lete simu! Mmepiga nani picha?"

"Maua tu, kijana wangu," Nasambu alisema, akimpa.

Kijana akazipitia picha moja moja: ua la zambarau, la manjano, jekundu, jekundu tena. Mabega yake yakalegea. Akairudisha simu.

"Haya wamama, rudini mlikotoka. Hamkuona kitu."

Wangeondoka salama. Lakini Waiyego alikuwa akimkodolea macho chini ya ile kofia.

"Phineas? Si wewe hununua sukari kwangu?"

Alisema kwa mshangao, karibu kwa furaha, kama mtu aliyekutana ugenini na mtu wa nyumbani. Uso wa Phineas ukakauka. Panga likapanda. Waiyego akainua mkono kujikinga, na vidole viwili vikaangukia nyasini. Hakulia. Alivitazama tu, mdomo wazi. Pigo la pili likampata begani, akaanguka chali, na Phineas akamsimamia aongeze la tatu.

Nasambu hakuwahi kumzaba hata mtoto kofi. Aliokota jiwe kwa mikono miwili akamtwanga kisogoni. Phineas akapiga magoti, panga likamponyoka. Nasambu angeweza kukomea hapo. Akampiga tena, taya likavunjika na mlio aliousikia hadi mikononi. Akampiga tena, damu ya moto ikimrukia usoni, na kulikuwa na mtu akipiga mayowe, asijue ni yeye mwenyewe. Yule mwenzake alitupa matawi akatimua mbio.

"Nasambu! Wacha! Utamuua!"

Ni sauti ya Waiyego iliyomsimamisha. Nasambu alivua sweta, akaufunga ule mkono uliokatwa kwa nguvu zote, akamkokota rafiki yake hadi barabarani, ambako mtu wa bodaboda aliwapakia wote wawili bila kuuliza neno.

Jioni, wodini, afisa wa polisi alikaa kando ya kitanda cha Waiyego na daftari. Polisi walikuwa wamempata Phineas akitambaa karibu na ule mti. Angeishi, ila jicho moja lilikuwa limeharibika.

"Mama, ulimpiga mara ngapi?" afisa alimwuliza Nasambu.

"Mara moja," Waiyego alijibu kutoka kitandani, kabla Nasambu hajafungua mdomo. "Niliona kwa macho yangu."

Nasambu alitazama mikono yake. Alikuwa ameiosha mara tatu kwa sabuni ya hospitali.

"Hapana, afande," akasema. "Andika nyingi. Alikuwa ameshaanguka na bado nilimpiga. Sikutaka kuacha."

Afisa akaandika.

Hawakumshtaki Nasambu. Phineas alifungwa miaka tisa. Waiyego alijifunza kupima sukari kwa mkono wa kushoto, akimwaga nyingi na kutukana kwa Kikuyu. Siku mahakama ilipotoa hukumu, mke wa Phineas alikuja dukani na mtoto mgongoni. Waiyego akampimia kilo moja ya sukari.

Nasambu, aliyekuwa ameketi nyuma ya kaunta, alitoka kwa mlango wa nyuma akatapika.