Jumamosi Saa Nne

Mimi Nekoye nina mdomo, hilo sikatai. Na mdomo huo ndio umeninyima usingizi.

Dismas tulifanya naye kazi kiwanda kimoja cha nguo Thika, tukapanga ploti moja huku Ruiru. Ni Mwogiek wa Mlima Elgon, watu wa msitu na asali. Mwaka wa tisini na sita, duka moja ukingoni mwa msitu wao liliwekewa simu, ya kwanza kabisa. Akamwandikia mamake barua: kila Jumamosi saa nne ashuke dukani, mwanawe atapiga. Walikuwa hawajasikiana miaka mitano.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ya simu. Alipopiga, simu ikiwa bado inaita upande ule, akaanza kujaribu salamu yao kwa sauti. Nikaangua kicheko. "Woi! Dismas, ongea lugha ya watu, hiyo ni ya nyuki!" Foleni nzima ikacheka. Simu ilipoinuliwa, akasema, "Halo? Halo? Nani anaongea?"

Kimya. Pumzi tu, hata mimi nyuma yake niliisikia. "Laini mbovu," akaniambia. Ikawa hivyo kila Jumamosi, yeye na Kiswahili chake, miezi minne.

Mwezi wa nane mama akafa. Dismas alirudi kutoka matangani amekonda, akanieleza aliyoambiwa na mwenye duka. Mama hakukosa hata Jumamosi moja. Aliinua simu, akasikia Kiswahili, akaogopa, maana Kiswahili alikijua kwa wale askari waliokuja kuwafukuza msituni. Alidhani wameingia kwenye waya kumsaka mwanawe. Basi alinyamaza makusudi, asije akamtaja.

Dismas hakunilaumu. Afadhali angenitukana! Wiki hiyo hiyo aliacha kazi, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata, saa nne, nilijikuta kwenye kile kibanda cha simu. Namba niliijua kwa kichwa. Ikaita, ikainuliwa. Pumzi ile ile. Jamani, karibu nikate simu. Nikasema ile salamu niliyoicheka.

Akaitika, sauti ya mama mzee, na mama wa Dismas alikuwa ameshazikwa. Kisha akaanza kuongea haraka haraka, mara analia, mara anacheka, kama anayetoa maneno yote aliyoyanyamazia miezi minne. Nikatoa kichwa nje nikapiga kelele: "Nani anajua Kiogiek? Tafadhali, nani?" Watu wakanicheka. Nikarudi kusikiliza. Nilichoelewa ni jina la Dismas tu, na alilirudia mpaka sarafu zikaniishia.