Mada ya Mwisho Kwenye Mtihani wa Cheti

Mkuu wa chuo alitaka mwanafunzi mmoja akae kwenye kikao cha kupanga mtihani wa cheti cha mwanzo cha kutengeneza tovuti. Darasa zima la jioni likanisukumia mimi. Kinyozi, tuliyemwita hivyo kwa kazi yake, na ambaye kila jioni alikaa nyuma yangu, ndiye aliyeanza.

"Mpelekeni mzee. Nani atabishana na mvi?"

Wakacheka, nami nikacheka. Nina miaka sitini na moja, mchana nafua mashuka ya hospitali. Darasa nililianza mwaka jana, mke wangu alipofariki, maana saa kumi na moja jioni ndiyo saa niliyozoea kumkuta akinisubiri, na ilikuwa lazima niipeleke mahali saa ile.

Kinyozi akanifuata hadi mlangoni. "Ila mzee wangu, usituongezee mzigo. Wale wa duka la uchapishaji wanataka cheti changu kabla ya mwezi kuisha. Bila karatasi, nafasi wanampa mwingine."

"Nimekusikia, mwanangu."

Kikao kilikuwa cha watu watatu: mkuu, mwalimu wetu, na mimi. Mwalimu alikuwa ameandika mada kwenye karatasi moja. Vichwa na aya. Kuweka picha. Viungo. Rangi. Ukurasa kusomeka vizuri kwenye simu. Fomu ya kujaza jina. Mada ya mwisho ilikuwa kuupeleka ukurasa mtandaoni, na mkuu alishaikata kwa mstari wa wino mwekundu.

"Hii tuiache," alisema. "Mtandao wetu wenyewe unatembea kwa magoti. Tukiiweka, lazima tukodi nafasi kwenye seva na tuifundishe upya. Mtihani utasogea miezi mitatu. Anayeanza yamtosha kujua kutengeneza. Mzee, wanafunzi wanasemaje?"

Wanafunzi walikuwa wameshasema, na jibu lao nilikuwa nalo mdomoni. Sikulitoa.

Kazi yangu ya kwanza darasani ilikuwa ukurasa kuhusu mke wangu. Picha nne, na maneno niliyoyaandika na kuyafuta kwa wiki mbili. Ulipokamilika, niliinakili kwenye daftari anwani iliyoonekana juu ya kioo cha kompyuta yangu ya darasani, herufi kwa herufi, nikamtumia binti yetu anayeishi mbali. Alijibu jioni ileile: "Nimeuona, baba. Mzuri sana. Mama angefurahi."

Maneno hayo niliishi nayo wiki saba. Niliyashukuru kwa Mungu kila asubuhi kabla ya kutia maji kwenye birika.

Kisha, juma lililotangulia kikao, mwalimu alitueleza kitu kidogo tu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Alisema kazi zetu zote zimo ndani ya mashine hizi, na anwani inayoanza na jina la diski haifunguki popote pengine. Wenzangu waliitikia na kuendelea. Mimi niliitazama ile anwani mpaka taa ya kioo ikajizima.

Binti yangu hakuwa ameona kitu. Ana kazi, ana watoto wawili. Alibonyeza, haikufunguka, akaona asinivunje moyo. Sikumwuliza. Ningemwuliza nini? Nilipiga magoti nikaomba nisimhukumu, na sikumhukumu. Lakini nyumba ilikuwa kubwa kuliko jana yake.

"Mzee?" mkuu aliniita.

Nilifumba macho kidogo. Nikaomba nisiseme kwa uchungu wangu, na nikamkumbuka Kinyozi.

"Irudishwe," nikasema.

"Kwa sababu gani?"

"Mtu atapokea cheti cha kutengeneza tovuti, na tovuti yake haijawahi kuonekana nje ya chumba hiki. Atawaambia watu wake watazame. Watatazama nini?"

Mkuu akamgeukia mwalimu. "Na wewe?"

"Nakubaliana na mzee. Tangu mwanzo sikupenda ifutwe."

"Mbona hukusema?"

"Mshahara wangu unausaini wewe."

Mkuu akacheka, ila kalamu hakuiinua. "Mzee, darasa lako litakulaumu."

"Najua. Yupo mmoja anasubiriwa na kazi. Huwezi kumwandikia barua, kwamba mada nyingine amezimaliza?"

"Nikimwandikia mmoja, kesho watakuja ishirini. Ama tunasubiri, ama tunafuta. Chagua."

Hakukuwa na njia ya tatu, ingawa niliitafuta. "Tusubiri," nikasema. Akaandika mada ile upya chini ya mstari mwekundu, akaweka tarehe ya miezi mitatu mbele.

Nilimwomba mwalimu aniachie nilitangazie darasa mwenyewe. Nilisimama mbele, nikaeleza, na sikumtupia mkuu lawama. Wengine waliguna. Mmoja aliuliza kama ada itapanda. Kinyozi alinifikia tulipokuwa tunatoka.

"Ni mimi niliyekuchagua, mzee."

"Ni wewe."

"Basi." Akavaa koti lake, akashuka ngazi.

Tangu siku ile namwombea kila asubuhi, yeye kwanza, halafu binti yangu. Naomba apate mlango mwingine. Sijui bado kama nilisema vile kwa ajili ya wanafunzi wanaokuja, au kwa sababu nilitaka mtu mmoja duniani auone ukurasa wa mke wangu. Mungu nimemwambia hivyohivyo, bila kupamba, na bado hajanijibu.

Nafasi ya uchapishaji ilichukuliwa na mwingine. Kinyozi angali anakuja darasani. Akiingia ananipa shikamoo kwa adabu zote, kama ampavyo mzee yeyote asiyemjua, kisha anakwenda kuketi upande wa dirishani.